Malaria Mbili

Ile haikuwa taifodi. Naiandika sentensi hii kwanza kwa sababu nikiiweka mwishoni nitatafuta njia ya kuikwepa, kama nilivyoikwepa tangu nilipotoka chuoni na koti jeupe lililopigwa pasi kuliko lilivyostahili. Ilikuwa malaria. Mimi, mzaliwa wa Bonga, kijiji cha jirani na mji wa Babati, niliyetafunwa na mbu wa bonde hili kabla sijajua kukaa, mpima damu kwa maisha yangu yote ya kazi, niliangushwa kitandani na malaria nikawaambia watu wote kwamba ni taifodi. Watu wote waliniamini isipokuwa mmoja, na huyo nitamtaja muda si mrefu.

Ninyi vijana wa maabara mliniomba siku ya kuniaga niwaandikie niliyoyaona kazini. Niliitikia kwa sababu nilikuwa na keki mdomoni. Nilidhani nitaandika habari za darubini na za wagonjwa wagumu, mambo ya kawaida ya mstaafu. Lakini baada ya Pasaka binti yangu Neema, mwenye mimba yake ya kwanza, alilala na homa huko Njombe anakofundisha, mji wa baridi ambako mtu akitetemeka huletewa sweta. Na homa hiyo alikuwa anaitibu kwa kufuata uongo wangu. Kwa hiyo siwezi tena kusimulia kazi bila kuusimulia uongo. Habari za kupandishwa daraja nitaziruka. Hazikuwa nyingi kiasi cha kuharibu mtiririko.

Siku ya kwanza nilifika maabara wakati Babati bado haijawa makao makuu ya mkoa, na bajaji bado hazijatufikia. Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi ya watoto, dirisha likitazama mlima Kwaraa. Tulikuwa na darubini mbili. Moja ilikuwa na taa iliyofanya kazi umeme ulipotaka. Nyingine ilikuwa na kioo kidogo chini yake, unakigeuza kulitafuta jua, na wingu likipita unasubiri. Chumba kilinukia spiriti na rangi ya kupakia damu, ile inayoacha vidole vya zambarau hata ukivisugua kwa ndimu. Mkuu wa maabara alikuwa mama mnene, mtaratibu, aliyesomea kazi hii na kuifanya miaka mingi kabla yangu. Sote tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Paskali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa chuo kikuu?"

"Ndiyo, mama."

"Pole. Kaa hapo."

Akaniwekea slaidi chini ya darubini ya kioo na kuniambia nieleze ninachokiona. Nilishusha pumzi nikaanza kama mtu anayesoma risala: kwamba hizi nyingi za mviringo ni chembe nyekundu, kwamba hizi chache zilizopakwa zambarau ni chembe nyeupe, nazo ni askari wa mwili.

"Askari?" Mama Paskali alirudia. "Nani kakuambia askari? Askari ana mshahara, na usiku analala lindoni. Hebu waangalie vizuri. Hawa ni watu wa mtaa."

Kuanzia hapo, kila nilipofundisha wanafunzi, niliacha askari wa vitabuni nikatumia mtaa wa Mama Paskali, na sijapata mfano bora zaidi. Mwili ni mtaa wenye ua mzuri, ambao ni ngozi, na mageti machache, ambayo ni pua, mdomo na kwingineko, kila geti na ute wake wa kunasa wageni. Mwizi akiruka ua, yowe linapigwa. Wanaofika kwanza ni wale wenye kiini kilichogawanyika vipande-vipande, chembe za haraka na zisizouliza. Hawamjui mwizi ni nani, wanapiga tu. Wengi wanafia palepale. Usaha unaouona kwenye jipu ni maiti zao. Wakati huohuo mtaa mzima unawasha moto, na hiyo ndiyo homa. Wagonjwa wanaichukia homa kana kwamba ndiyo mwizi, kumbe ni mwenge wa wanaomtafuta, ingawa mwenge nao ukizidi unaunguza nyumba.

Baadaye, kwa utulivu, wanakuja wadogo wa mviringo, kiini kimejaa karibu chembe nzima, wapole ukiwatazama. Hao ndio wanaochunguza sura. Wakishamtambua mwizi wanatengeneza kingamwili, ambazo ni kama kamba zilizopimwa kwa mikono ya mwizi huyo mmoja tu, hazimtoshi mwingine. Kazi ikiisha wengi wanatawanyika, lakini wachache wanabaki mtaani wakikumbuka.

"Mtaa uliowahi kuibiwa," alisema Mama Paskali akiwa anafuta lensi, "haulali kama mtaa ambao haujaibiwa."

"Na wakihama waliomwona mwizi?"

"Basi mtaa unakuwa mpya. Majengo yaleyale, lakini ni mpya."

Niliona ni jibu zuri. Halikunijia akilini kwamba linanihusu.

Chanjo, kwa mfano huo, ni kuuonyesha mtaa picha ya mwizi kabla hajafika. Siku moja mfugaji kutoka Simanjiro aliyemleta mtoto wake kupimwa damu alinisikiliza nikiyasema haya, kisha akasema yeye ndama wake waliochanjwa ndigana, ile homa ya kupe, huwekewa hereni sikioni, na sokoni ndama mwenye hereni ana bei yake. "Sasa huyu wangu," akauliza akimshika mwanawe sikio, "hereni yake iko wapi?" Nikamwonyesha kovu la chanjo kwenye bega la mtoto. Akaliangalia kwa makini ya mnunuzi. "Ndogo," akasema, "lakini haiibiwi."

Sasa nieleze habari ya namba, kwa kuwa bila hiyo hamtaelewa lolote. Ninyi mmezoea kipimo cha haraka, tone moja na mistari yake. Sisi tulihesabu. Unapaka tone nene la damu, unalitia rangi, unaweka mafuta, unakaa, unahesabu vimelea vya malaria, vile vipete vidogo, huku ukihesabu chembe nyeupe, na ukifikisha chembe nyeupe mia mbili unaandika umekutana na vimelea vingapi. Hicho ni kipimo cha msongamano basi. Lakini wagonjwa waliichukua ile namba wakatoka nayo kama matokeo ya mtihani. Ungewasikia kwenye benchi la nje:

"Wewe una ngapi?"

"Tano."

"Ahaa, mimi nina kumi na mbili."

"Kumi na mbili na umekuja kwa miguu?"

Mji mzima uliamini kwamba malaria tano ni kubwa kuliko malaria mbili kama vile debe tano za mahindi zilivyo nyingi kuliko mbili. Nami, pamoja na chuo changu, niliingia kwenye imani hiyo ndani ya msimu mmoja tu wa mvua.

Asubuhi moja ya msimu huo mkulima wa mpunga kutoka Magugu alikuja analalamika goti. Mtu alimwandikia kipimo cha damu, labda kwa mazoea. Slaidi yake ilijaa vimelea hadi nikachoka kidole cha kubonyeza kihesabio. Nilitoka nje nikitarajia kumkuta amelala sakafuni. Alikuwa anakula muwa.

"Mzee, una malaria nyingi sana."

"Sawa, mwanangu. Na goti?"

Baada yake aliletwa binti mdogo wa shule ya msingi kutoka juu, milima ya Mbulu, aliyekuja likizo kwa shangazi yake. Alikuwa mgongoni mwa shangazi, macho nusu yamefumba. Nilihesabu slaidi yake kwa uangalifu: mbili. Nikafurahi. Nikatoka nikamwambia shangazi, "Usiwe na wasiwasi, ni malaria mbili tu," nikarudi kwenye kiti changu.

Mama Paskali alikuwa ameacha kazi yake akinitazama.

"Umesema nini kule nje?"

"Mbili."

"Umesema mbili tu. Mimi nina masikio." Alikuwa ameshainuka. "Kwenye maabara hii hakuna tu."

Alitoka akampokea mtoto yeye mwenyewe, akampeleka wodini bila kusubiri karatasi. Kabla ya chakula cha mchana yule binti alipata degedege. Alitundikiwa kwinini, akakaa wodini siku kadhaa, akapona, akarudi milimani kwao. Shangazi yake alinishukuru sana, kwa kuwa mimi ndiye niliyempa habari njema. Sikujua pa kuiweka shukrani hiyo.

Alasiri tulipokuwa tunaosha slaidi Mama Paskali alinieleza, bila kufoka, jambo ambalo kwangu lilikuwa baya zaidi. Mwili wa yule mkulima umeibiwa na mwizi huyuhuyu tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, kila masika. Haumfukuzi kabisa, lakini umemjua, unamwekea mipaka, wanaishi pamoja kama mwenye nyumba na mpangaji mkorofi. Mtoto wa milimani mtaa wake haujawahi kuiona sura hiyo. Kwake vimelea vichache vinatosha kuwasha moto wa kuteketeza kijiji. Tena hivyo viwili ni vile vilivyokuwa barabarani wakati sindano inapita. Wenzao wamejificha kwenye vijishipa vyembamba vya ubongo, ambako darubini yetu haifiki. Namba inakwambia umekutana na wangapi. Haikwambii mwenyeji ni nani.

Nilitikisa kichwa kama mtu anayejifunza jambo geni. Ukweli ni kwamba nililijua upande wake wa pili tangu utotoni. Sisi wa Bonga tulikuwa na kinga, ndiyo, na watu huiita kinga ya asili kana kwamba ni zawadi iliyokuja na mvua. Ilikuwa karo. Mdogo wangu aliyenifuata, Yakobo, aliilipa kabla hajaanza shule, na hakuhitimu. Mama yangu alizaa watoto wengi kuliko aliowalea, na kila aliyebaki alikuwa mtu ambaye mwili wake uliwahi kujifunza. Ndiyo maana simpendi sana mtu anayesifia damu ya kwao. Lakini mimi niliisifia kuliko wote.

Niliisifia zaidi kwa sababu ya mwalimu mmoja. Alikuwa kijana kutoka Dongobesh, huko juu Mbulu, aliyepangiwa kufundisha mjini, na alikuja maabara kila masika akiwa amejifunika blanketi. Alilala ndani ya chandarua alichokichomeka chini ya godoro pande zote kwa umakini wa mtu anayefungasha mayai ya kusafirisha. Nilimcheka tangu siku ya kwanza. "Mtu wa mlimani," nilimwambia, "mbu wetu hata hawajakufahamu vizuri." Alicheka. Akaanza kuja maabara hata bila homa. Huyo sasa ni Baba Neema.

Mimi nilikuwa nimerudi kuishi Bonga kwa mama yangu, na nilikataa chandarua. Chandarua, nilisema, ni cha wageni. Sikukumbuka kwamba nilisoma sekondari ya bweni kwenye baridi, na baada ya hapo nikaenda chuo Moshi, nikaishi juu kidogo ya mji ambako mbu wa malaria hawakuwa tatizo, na kwamba likizo nyingi sikurudi kwa sababu nauli ilikuwa ngumu. Kumbukumbu ya mwili juu ya malaria haiandikwi kama ile ya surua, ambayo ukiugua mara moja basi. Hii inataka kukumbushwa kila mara. Ukiondoka miaka, waliomwona mwizi wanahama mmoja mmoja. Unarudi na lafudhi ileile na jina la ukoo lilelile, unasalimia watu wote njiani, lakini mwili wako umesahau kwenu.

Masika ya pili baada ya kurudi nilianguka. Meno yaligongana hadi mama yangu akadhani nasali. Mama Paskali alipanda gari la mizigo kutoka mjini akaja nyumbani na sindano na slaidi kwenye kitambaa, akanitoboa kidole, akarudi. Kesho yake alikuja tena na dawa.

"Ngapi?" niliuliza.

"Mbili."

Nilifumba macho. Sikuogopa kufa. Nilimwogopa Baba Neema, ambaye alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja kuniona jioni.

"Mama, tuseme ni taifodi."

"Tuseme?"

"Taifodi haina aibu. Kila mtu anapata."

Mama Paskali alinitazama, halafu akaanza kucheka polepole hadi mabega yakatikisika. "Nimeiona kwa macho yangu, ina pete zake kama bibi harusi. Sijawahi kuona taifodi ya namna hiyo." Akaweka vidonge kwenye kiti. "Mimi nimekupa dawa ya malaria. Jina uite mwenyewe, mtoto wa mjini."

Jioni mwalimu alikuja na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. "Unaumwa nini?"

"Taifodi."

"Pole. Nilidhani malaria."

"Malaria? Mimi? Mimi ni mtu wa Babati."

Ndivyo ilivyoanza. Na kwa kuwa uongo mdogo haudai chakula kingi, uliishi. Tulioana, tukajenga Maisaka, palepale Babati mjini, tukazaa, na nyumbani kwetu ukawa mzaha wa ukoo: Baba ni wa mlimani, analala ndani ya wavu kama samaki, Mama ni damu ya Babati, malaria haimjui, aliwahi kuumwa taifodi tu. Watoto waliukariri pamoja na jedwali la kuzidisha. Kazini Mama Paskali hakumwambia mtu, ila kila masika alinisalimia kwa sauti ya chini, "Taifodi haijambo?" Nilimjibu, "Haijambo, inakusalimu." Alipofariki nililia kwa haki, maana kila ninachokijua kuhusu damu alikiweka yeye. Pia, niseme yote, niliona kwamba shahidi wangu hayupo.

Miaka iliyofuata ilileta darubini za taa nzuri, vyandarua vya bure, dawa ya kunyunyiza ukutani, na kipimo cha haraka. Nilikuja kukaa siku nzima bila kukutana na kimelea hata kimoja, nikitazama chembe nyeupe zikitembea mtaa mtulivu. Mimi ni mmoja wa watu wachache waliowahi kulalamikia jambo hilo, kwa kuwa mikono ilianza kusahau. Lakini ni jambo jema kuliko yote niliyoyaona kazini: watoto wa Babati hawalipi tena ile karo. Ila kuna sharti lake, nanyi vijana mlishike. Watoto wasiolipa karo hawana cheti. Kijana wa Maisaka wa leo ni kama yule binti wa milimani. Akiniambia yeye ni mzaliwa, namuuliza amezaliwa lini.

Hayo niliwaambia wanafunzi na wagonjwa. Nyumbani kwangu sikuyasema, maana nyumbani palikuwa na mzaha wa kulinda.

Neema ana miaka kadhaa Njombe. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, na tangu nistaafu sikuwa na kazi nyingine ila kungoja hilo. Chumba kilikuwa tayari, kina mama wa jumuiya walikuwa tayari, mimi nilikuwa nimeshachagua jogoo. Pasaka alikuja kusalimia, mimba imeanza kuonekana, akaenda Bonga kulala kwa bibi yake siku chache. Tulikwenda wote. Nilikuwa uani nachambua mbaazi nilipomsikia mama yangu ndani.

"Mjukuu wangu, shusha chandarua."

"Bibi, joto! Hata hivyo mimi ni damu ya hapa. Mama mwenyewe hajawahi kuumwa malaria."

"Neema," baba yake aliita kutoka kwenye kiti chake, "shusha chandarua."

"Baba, wewe ni wa mlimani, tunakuelewa."

Walicheka wote. Mimi nilicheka pia. Mbaazi ziliendelea kupita vidoleni, mbovu huku, nzima huku.

Nilikuwa najua, na nilikuwa najua kuliko wote waliokuwa pale. Neema alikuwa ameondoka miaka kadhaa. Na mimba ya kwanza ina jambo lake: kondo la nyuma ni chumba kipya kilichojengwa mwaka huu, hakuna mtu mtaani aliyewahi kukilinda. Vimelea vinakipenda. Vinajificha humo, vinamnyima mtoto chakula na hewa, na damu ya kidoleni inaweza kuonekana safi kabisa. Hata mama aliyezaliwa na kukulia penye malaria anakuwa mgeni kwenye chumba hicho. Niliwahi kuyafundisha haya kwa kutumia ubao na chaki za rangi. Siku ile nilijiambia kwamba siku hizi mbu ni wachache, jambo ambalo ni kweli, na kwamba nitasema kesho. Kesho yake alipanda basi la Dodoma, kurudi Njombe.

Wiki zilipita. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa sebuleni, mimi na Baba Neema, chai mbele yetu, simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Naumwa kidogo. Usishtuke. Ni taifodi."

"Nani kakupima?"

"Sijapima. Nimemweleza wa duka la dawa, homa inakuja inaondoka, natetemeka, kichwa, akasema huku malaria hakuna. Mimi nikakumbuka ile taifodi yako, bibi huwa anaisimulia, meno yanagongana hadi akadhani unasali. Ni hivyohivyo, mama. Nikamwambia basi ni taifodi, ipo kwenye ukoo. Amenipa dawa, nimeshaanza."

Baba Neema alikuwa anakoroga chai. Nilitazama kijiko.

"Neema, nisikilize. Ile haikuwa taifodi."

"Mama?"

"Ilikuwa malaria. Niliumwa malaria, kwa bibi yako, palepale ulipolala. Sasa inuka. Usiende dukani, nenda hospitali. Waambie ulikuwa Babati Pasaka, waambie ulilala bila chandarua, waambie ni mimba ya kwanza. Wakikuambia huku hakuna malaria, waambie wapime hivyohivyo. Wakikupima kidole wakakosa, usiondoke, mwombe daktari aendelee kutafuta. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Nenda."

Nilikata simu. Kijiko kilikuwa kimesimama.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema Baba Neema.

"Miaka yote hii."

"Na mimi nimeitwa samaki."

"Umeitwa samaki."

Alifikiri. Ni mwalimu, hufikiri kabla ya kusahihisha. "Maziwa niliyokuletea siku ile," akasema mwishoni, "nilitembea nayo kutoka mjini mpaka Bonga." Halafu akaacha kulisema jambo hilo, akaisogeza simu katikati ya meza ili tuione wote wawili, na kukaa karibu nayo kama watu wanavyokaa karibu na mgonjwa.

Nimengojea majibu ya watu wengi maishani, lakini siku zote nikiwa upande wa pili wa dirisha. Sikujua kwamba benchi la nje ni refu namna hii. Nilijikuta nahesabu mambo yasiyo na maana: vikombe, maua ya kitambaa cha meza. Niliwaza kile chumba kipya, na mjukuu wangu ndani yake asiyejua kwamba kuna mwizi mlangoni. Niliwaza duka la dawa. Mtu yule hakuwa na kosa kubwa kuliko langu. Yeye aliambiwa taifodi ipo kwenye ukoo.

Jua lilikuwa limeshahamia ukuta wa pili simu ilipoita. Baba Neema alibonyeza ili wote tusikie.

"Mama, wamepima. Kile cha haraka kimetoa mistari miwili."

"Halafu?"

"Halafu wakaangalia kwa darubini. Ni malaria. Ila ni mbili tu, mama."

"Hakuna tu," nilisema, na mdomo ulikuwa wangu lakini sauti ilikuwa ya Mama Paskali kabisa. "Wamekulaza?"

"Wananilaza. Wameanza dawa. Daktari anasema nimekuja mapema, kama ningechelewa tungeongea mengine. Mtoto wamemsikiliza, moyo unapiga vizuri. Anarusha miguu hapa."

Baba Neema alivua miwani akaanza kuifuta kwa shati.

"Na kujifungua?" Neema aliuliza. "Chumba mmeshaandaa."

"Chumba kitangoja. Nitakuja mimi huko. Nitanunua sweta."

Alicheka, kidogo, kicheko cha mtu mwenye homa. Kisha akauliza, kwa udadisi tu, kama wanavyoulizana watu kwenye benchi la nje:

"Mama, na zako zilikuwa ngapi?"

Baba Neema aliacha kufuta miwani.

"Mbili," nilisema. "Na zangu zilikuwa mbili."